Ulikamatwa Siku Gani?

Butembo, Jumapili tarehe 18. Miezi saba na siku tano tangu niwaage watu wangu Kindu.

Mvua ilianza asubuhi, ikaacha, ikaanza tena. Mimi nami nakaa, nasimama, nakaa. Nimefua suruali ambayo ilikuwa safi. Nimetoka hadi barabarani nikasahau nilichokuwa nataka kununua, nikarudi mikono mitupu. Misa niliisikia kwa masikio tu.

Mwalimu ninayepanga naye, ambaye serikali ilimtupa huku kutoka mbali kama nilivyojitupa mimi, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu. Alisema mtu asiye na wa kuzungumza naye afadhali aandike. Mpaka sasa nimeandika habari za matofali, za baridi ya huku, na za watu wanaocheka Kiswahili changu. Leo naandika kosa.

Kosa langu, si la mtu mwingine. Mama Masika, anayesikiliza wanawake pale kwenye kituo chetu cha afya, aliniambia jana: "Papa Kindu, andika makosa yako. Ya kwake hapana andika." Kwa hiyo jina la mwanamke huyo halimo humu, mtaa wake haumo, na siku nimezisogeza zote kidogo. Aliyotendewa siyasimulii. Nasimulia niliyoyatenda mimi na karatasi yangu.

Kazi yangu ni kujenga. Nilikuja Butembo kujenga kanisa, ukuta ukafika madirishani, Ebola ikaingia, ujenzi ukasimama. Kituo cha afya cha upande wa Rughenda, pale ambapo ndege ndogo zinapita juu ya paa zikitafuta uwanja, kilitaka mtu wa kuwajengea kuta za kutenga wagonjwa. Nikajenga. Kuta zilipokwisha, titulaire, ndivyo wanavyomwita huku muuguzi mkuu wa kituo, akaona jinsi nilivyoandika hesabu ya matofali ubaoni, akasema nina mwandiko mzuri. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, lakini mwandiko ni kitu nilichobaki nacho. Akaniweka mlangoni.

Mlangoni kazi ni hii. Kila anayekuja ananawa kwenye ndoo ya klorini. Nampima joto kwenye paji la uso. Anasimama nyuma ya kamba, mita mbili, namuuliza maswali ya kwenye fishi, karatasi ya kila mgonjwa. Fishi ni ya Kifaransa, mimi nayageuza maswali kwa Kiswahili. Hakuna aliyenifundisha jinsi ya kuyageuza. Nilichagua maneno mwenyewe, na nilijivuna nayo, maana foleni ilikwenda haraka kuliko ya mtu aliyenitangulia.

Fishi inataka kujua dalili zilianza tarehe gani. Mimi nauliza, "Ulikamatwa siku gani?"

Kwetu homa inamkamata mtu. Kikohozi kinamkamata, tumbo linamkamata. Huku pia wanasema hivyo. Watu mia wamenijibu swali hilo bila shida: Jumatatu, jana, tangu soko la juzi.

Fishi inataka kujua kama mtu amekutana na mgonjwa au amegusa maiti. Hilo ni refu na linawakasirisha watu. Nikalifupisha. Mimi nauliza, "Ulikuwa na nani?"

Naandika haya polepole ili niyaone.

Kuna jambo jingine la kusema kabla sijafika kwenye Ijumaa. Nyuma ya kituo, karibu na jiko, kulikuwa na mlango mdogo. Wanawake waliotaka kumwona Mama Masika kwa mambo ambayo hayasemwi mbele za watu walipita pale. Hawakuulizwa kitu. Walipita kando ya sufuria za jikoni kama wanaleta kuni, wanaingia chumba chake, anafunga. Hata mimi nilikuwa hapa wiki nzima kabla ya kujua mlango ule ni wa nini.

Ugonjwa ulipoongezeka, amri ikawa mlango mmoja, njia moja, kila mtu apimwe. Titulaire alikuwa ameshazika wauguzi wawili aliofanya nao kazi. Simlaumu. Aliniambia nizibe mlango wa jiko, nikauziba. Siku moja ya kazi. Matofali ya kuchoma, nimeyaingiza vizuri kwenye ukuta wa zamani, ukipita hujui kama palikuwa na mlango.

Mama Masika alisimama akaniangalia nikilaza mstari wa mwisho. Akaniuliza, "Sasa wale benye hawawezi kusema mbele ya batu, Papa Kindu, batapita wapi?"

Nikamwambia mimi ni wa matofali tu.

Alicheka kidogo, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi foleni ilikuwa ndefu mpaka kwa wauza mkaa. Mwanamke alifika mbele, nyuma yake dada yake mkubwa amebeba furushi la nguo. Kitenge kilikuwa na matope upande mmoja. Nilikiona. Huku kila mtu ana matope. Kipima joto kikaonyesha thelathini na nane. Nikavuta fishi.

"Ulikamatwa siku gani, mama?"

Akainua kichwa, akaniangalia. Siyo kama watu wanavyoniangalia pale. Aliniangalia kama mtu aliyekuta mlango uko wazi wakati alidhani atabisha sana.

"Juzi mangaribi," akasema.

Nikaandika: Jumatano jioni. Nikamuuliza alikuwa wapi. Njia ya shamba. Nikamuuliza alikuwa na nani.

"Balikuwa babili. Sibajui."

Nikaandika: watu wawili, majina hayajulikani.

"Damu inatoka?"

Akaangalia chini. Watu nyuma wakanyamaza, maana neno hilo sasa linanyamazisha foleni yote. "Inatoka," akasema.

Wote wakarudi nyuma hatua tatu. Dada yake peke yake hakurudi.

Nikainua mkono kuwaita watu wa ndani. Nataka kuwa mkweli hapa: nilifurahi. Watu wengi wanadanganya kwenye kamba. Wanasema hawana homa na jasho linawatoka. Nilijiambia, huyu ni mama asiyedanganya, laiti wote wangekuwa hivi. Niliandika fishi yake kwa mwandiko mzuri kuliko zote za siku ile. Akaingizwa chumba cha kutenga, na kabla ya mchana gari likampeleka kituo cha matibabu ya Ebola, kule mji unapoishia kwenye barabara ya Beni. Dada yake akaandikwa kwenye orodha ya waliomgusa, akaambiwa asubiri nyumbani.

Chumba cha Mama Masika kilikuwa kimefungwa. Alikuwa Beni tangu Alhamisi, kwenye mkutano wa siku tatu huko Mavivi.

Jana, Jumamosi, saa tatu asubuhi hivi, dada yule alikuja. Hakutakiwa kutoka nyumbani. Alisimama mbali na kamba mwenyewe, bila kuambiwa.

"Papa, ile dawa ya siku tatu mulishamupatia?"

Nikamuuliza dawa gani.

"Ya benye kukamatwa kwa nguvu."

Kipima joto kilikuwa mkononi, kimeelekea kwenye paji la mzee mmoja. Nikakishusha. Huku mwanamke aliyebakwa pia wanasema amekamatwa.

Dada yule hakupandisha sauti. Alisema waliambiwa na wamama wa kanisani kwamba kwenye kituo hiki kuna dawa, mtu apite mlango wa jikoni. Walizunguka wakakuta matofali. Wakadhani sasa kazi hiyo inafanyiwa mbele. Mdogo wake akasema hataweza, mbele ya watu wote hawa. Wakasimama nyuma ya foleni, wakaanza kurudi nyumbani, hatua ishirini, wakaja tena. Halafu alipofika kwenye kamba, kabla hajafungua mdomo, mimi mwenyewe nikamuuliza.

"Ulimuuliza siku, akakuambia. Ulimuuliza batu, akakuambia wangapi. Mbele ya batu bote. Miye nilikuwa nyuma yake, nikasema huyu papa hana haya, lakini ni kazi yake, anajua." Akangoja. "Basi mulimupatia?"

Nilisema, "Mama, subiri hapa," kama mtu anayekwenda kuleta kitu.

Nilihesabu kwa vidole nikitembea. Jumatano magharibi, Alhamisi magharibi, Ijumaa magharibi. Mama Masika alitufundisha sote pale, hata walinzi, hata mpishi: siku tatu. Vidonge vya kuzuia virusi vya Sida, yaani Ukimwi, vina siku tatu tangu saa yenyewe. Baada ya hapo havina kazi. Siku ya tatu ilikuwa inakwisha jana ileile, Jumamosi, jua likizama.

Titulaire alikuwa ofisini. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, pamoja na neno langu "kukamatwa". Hakunikatiza. Aliuliza kitu kimoja tu, niliandika nini hasa. Nikamletea nakala. Akaisoma, akavua miwani, akaiweka juu ya fishi.

"Aliye ndani hatoki mpaka kipimo cha pili," akasema. "Unajua."

"Sijasema atoke, titulaire. Dawa iingie."

Akapiga simu kule. Kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri, hana Ebola. Cha pili ni Jumapili, ndiyo sheria. Dawa zinaweza kuingia, lakini walisema mgonjwa hajamwambia mtu yeyote kitu. Hawawezi kumwendea mwanamke na vidonge vya namna hiyo kwa maneno ya mlinzi wa mlango. Lazima mtu azungumze naye, mtu anayejua kazi hiyo, yeye mwenyewe aseme ndiyo. Na waliokuwa zamu ya kuvaa plastiki na kuingia ndani siku ile walikuwa wanaume watupu.

Tukampigia Mama Masika. Simu iliita mara nyingi. Alipopokea nilisikia kiti kikivutwa na mtu akiendelea kuhutubia. Titulaire alimweleza kwa Kifaransa, haraka. Halafu akanipa simu mimi, sijui kwa nini.

"Ni weye ulimuuliza?"

Nikasema ni mimi.

"Bien. Kabati yangu, vunja. Ufunguo ninao hapa. Katoni nyeupe, rafu ya juu. Titulaire aandike, aweke sahihi. Weye ulete kule, barabara ya Beni. Miye nafika na pikipiki." Akakata.

Kabati ni la chuma. Nina tindo na nyundo, na mkono wangu unajua kazi hiyo, lakini nilikosa pigo la kwanza na kujigonga kidole. Bawaba mbili. Titulaire alishika mlango wa kabati usianguke, akahesabu vidonge, akaandika, akasaini. Nilipotoka dada yule alikuwa bado amesimama palepale. Nilimwonyesha katoni. Nikamwambia arudi nyumbani, nitampigia. Alisema kwa Kinande, "Wasingya," asante, na asante ile ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nilifika kituo cha matibabu saa tano asubuhi. Saa tano. Nilikuwa na jua lote mbele yangu.

Sijawahi kuona siku ndefu na fupi namna ile. Pale kuna uzio wa plastiki mara mbili, na kati yake nafasi ya mita mbili. Wageni wanakaa upande huu, wagonjwa upande ule, wanazungumza kwa sauti ya sokoni. Mama mmoja alikuwa anamuuliza mtoto wake kama amekula. Kijana mmoja alikuwa anaelezana na baba yake habari za mbuzi. Nikafikiri: hata kama ningemwona, ningemwambia nini mahali kama hapa? Neno lipi ambalo mtu anaweza kulirusha mita mbili?

Sikumwona. Nadhani alikuwa amelala.

Saa sita simu ya Mama Masika haikupatikana. Saa saba haikupatikana. Mvua ilikuwa imekaa upande wa Beni, nyeusi. Waliotoka huko walisema lori la mbao limelala njiani na pikipiki hazipiti. Mmoja akasema pia kwamba wanajeshi wamefunga njia, mwingine akasema hapana, ni lori tu. Nilikwenda hadi kwenye kona kuangalia, nikarudi, nikaenda tena. Mlinzi wa pale, askari wa kutoka mbali kama mimi, akaniambia kwa Kilingala chake nikae chini, amechoka kuniangalia. Nikakaa. Nikasimama.

Nilifikiri pia mambo ya kijinga. Nilifikiri kama lori lisingekuwepo. Nilifikiri kama ningekuwa nimeacha tofali moja. Nilifikiri kama ningekuwa nimezaliwa Butembo ningeona namna alivyolipokea neno langu lile, sijui. Nafikiri wa Butembo pia angekosea, maana wote tulikuwa tunatafuta ugonjwa mmoja tu.

Saa kumi kasoro robo Mama Masika alishuka kwenye pikipiki, matope mpaka kiunoni. Aliiacha pikipiki ya kwanza upande ule wa lori, akapita kwa miguu kando ya magurudumu, akapata nyingine. Hakunisalimia. Alichukua katoni, akasoma sahihi, akaingia chumba cha kuvalia.

Wanaoingia ndani wanavaa plastiki kutoka kichwani hadi miguuni, huoni mtu, unaona macho tu nyuma ya kioo. Kwa hiyo wanaandika jina kifuani kwa kalamu nene. Mama Masika alitokea mlangoni amevaa tayari, akaninyooshea kalamu juu ya uzio, pale ulipo mmoja tu.

"Andika weye. Uko na mwandiko."

"Niandike nini?"

"Mama Masika. Na hilo 'Mama' ulifanye kubwa."

Niliandika kifuani kwake polepole. Herufi zilinyooka. Mkono uleule.

Akaingia.

Sijui walisema nini na siulizi. Jua lilitoka kidogo chini ya mawingu, lile jua la jioni ambalo huku halina joto. Niliangalia kivuli cha nguzo ya uzio kikirefuka. Halafu nikamwona anatoka, na hapo ndipo nilijifunza kitu: mtu anayetoka mule hawezi kusema nawe. Lazima avuliwe kwanza. Wanampulizia dawa. Anasimama mikono imepanuliwa. Anavua glavu ya kwanza, ananawa. Miwani, ananawa. Kofia, ananawa. Anajitazama kwenye kioo, anafuata sauti ya anayemsimamia, hatua kwa hatua, na ukimwita anaweza kukosea akajigusa uso. Nilishika mdomo wangu kwa mkono. Robo saa nzima nilikuwa mita nne kutoka kwenye jibu.

Alipomaliza alikuwa amelowa jasho, alama ya miwani imemkata usoni.

"Amemeza," akasema. "Saa kumi na moja na dakika kumi."

Jua lilikuwa bado lipo. Si sana.

Akaketi kwenye tofali. Akaniambia yale aliyoruhusiwa kuniambia, na hayo tu ninayaandika. Mwanamke yule hakunyamaza mule ndani kwa sababu ya kuficha. Alikuwa anangoja. Alidhani ameshasema yote mlangoni, jambo gumu kuliko yote limekwisha, na kwamba sisi tunajua. Walipomtoa damu alidhani ndiyo matibabu yenyewe. Walipompa maji ya chumvi na sukari, akanywa, akidhani ndiyo dawa ya siku tatu.

"Alikutaja," Mama Masika akasema.

Nikamuuliza alisemaje.

"Alisema: ule papa aliniuliza muzuri, lakini alisikia ya kwake."

Halafu pikipiki ikaja.

Sasa ni leo. Damu ya kipimo cha pili wamechukua asubuhi, jibu ni kesho. Likiwa zuri anatoka, na dada yake anafutwa kwenye orodha. Vidonge ni siku ishirini na nane, kila siku, na vinachafua tumbo. Mama Masika atakwenda kumwona nyumbani, bila gari lenye alama, bila koti la kazi, kama mtu anayekuja kuomba mbegu. Baada ya miezi mitatu atapimwa. Mpaka wakati huo hakuna anayejua. Yeye atahesabu siku hizo kwa mwili wake. Mimi nitazihesabu kwa kichwa, na si kitu kimoja.

Nilitaka kwenda kumwomba msamaha. Mama Masika alikataa. Alisema msamaha huo ungenisaidia mimi, na mwanamke angelazimika kusimama tena mbele yangu. Amesema kweli. Nimebaki nao huu msamaha, sijui niuweke wapi.

Baada ya misa nilikwenda kituoni ingawa si zamu yangu. Nikakaa na titulaire na Mama Masika chini ya paa la jiko, mvua ikipiga. Tumebadilisha maswali. Kuanzia kesho nauliza, "Mwili uko na moto tangu siku gani?" Nauliza kirefu kuhusu wagonjwa na maiti, hata watu wakasirike. Neno "kukamatwa" nimeliacha. Halafu Mama Masika akasema kamba irudishwe nyuma, wanaongoja wasisikie aliye mbele. Na kuwe na ndoo mbili, ya bluu na ya manjano. Wamama wa kanisani wataambiwa kwamba anayekuja kwake anawe kwenye ya manjano, asiseme neno, aletwe kwake. Ndiye atakayempima joto mwenyewe.

Titulaire akauliza itachukua muda gani kabla mji wote haujajua maana ya ndoo ya manjano.

"Wiki moja," Mama Masika akasema. "Labda mbili."

Wote tukageuka kuangalia ukuta wangu. Ulikuwa umelowa, na hata hivyo huoni mahali mlango ulipokuwa.

Nikasema naweza kuufungua. Siyo kama zamani tu. Mlango, na mbele yake ukuta mfupi wa kukinga macho ya barabara. Mahali pa ndoo. Benchi la mtu mmoja au wawili. Chumba kidogo cha kungojea, cha kuoshwa kwa klorini, ili hata kama mtu ana homa kweli angoje pale asikilizwe, ndipo apelekwe. Nilichora chini kwa kijiti. Titulaire alisema lazima kwanza aandike barua kwa wakubwa, na wakubwa wanakutana kesho. Nikasema sawa. Akaniuliza kama matofali yale ya zamani yanaweza kutumika tena.

Nikamwambia yanaweza, nikiyatoa kwa adabu.

Alipoondoka nilichukua tindo. Sikubomoa. Nilikwangua saruji ya mstari mmoja tu, ule wa juu, niliolaza Mama Masika akiniangalia. Ilikuwa imeshika vizuri. Nilijenga vizuri, hilo ndilo la kunisikitisha.

Mchana mama wa watoto wangu alinipigia kutoka Kindu. Alitaka kujua kama kweli ni Jumatano hii ninapanda lori la Kisangani, kama nilivyosema. Kitanda amekwisha kukitengeneza. Nilimwambia mvua inanipigia kelele juu ya bati, sisikii vizuri, nitampigia. Nilisikia vizuri.

Kwa kuwa mwalimu amesema mtoto wetu mkubwa anafungua ukurasa huu kule na kumsomea mama yake, naandika hapa, asome kwa sauti.

Jumatano hii sipandi. Siku nane za kazi kama barua itapita na mvua itaniacha, na mbili za saruji kukauka. Nitangoja siku moja zaidi, kuona mwanamke wa kwanza akipita kando ya sufuria bila mtu kumuuliza kitu. Halafu Beni, halafu Kisangani, halafu nyumbani. Mnitegemee mwisho wa mwezi ujao, mama. Mnitegemee kweli.